Mikrovili, silia, flajela au stereosilia: uchague kichomozo kipi kwa somo lako?

Swali la "eleza jinsi umbo la seli linavyoendana na kazi yake" halikosi msimu. Mwanafunzi wa kidato cha sita hukutana nalo kwenye mtihani, wa uuguzi au utabibu hupewa kama wasilisho, na mwalimu hulazimika kutafuta mfano mmoja utakaobeba kipindi kizima. Uso wa seli za binadamu una vichomozo vya kila namna, na vinne ndivyo vinavyogombewa zaidi: mikrovili, silia, flajela na stereosilia. Vitabuni vyote huchorwa kama vinywele, kwa hiyo wengi huchagua kile ambacho jina lake limewakaa kichwani, kisha wanaishiwa maneno kwenye ukurasa wa pili.

Ulinganisho huu ni wa mtu aliyekwama hapo. Kila kichomozo nimekipima kwa vigezo vilevile: kina nini ndani, kinafanya nini, kikiharibika mtu anapatwa na nini, na ni rahisi kiasi gani kukionyesha kwa hadubini au kwa mchoro. Kigezo cha kwanza nakipa uzito kuliko vingine. Mikrovili na stereosilia zimejengwa kwa nyuzi za aktini, yaani nyuzi nyembamba za protini. Silia na flajela zimejengwa kwa mikrotubuli, yaani mirija midogo ya protini. Ukishalijua hilo, mengine mengi yanajipanga yenyewe: kipi kinapiga na kipi hakipigi, kipi kinakula nishati kwa mwendo, na kwa nini ugonjwa mmoja unaweza kugusa kifua na uzazi kwa pamoja.

Mikrovili

*Ndani.* Ni kidole chembamba cha utando wa seli, chenye urefu wa takriban maikromita 1 na unene wa maikromita 0.1 hivi. Katikati limepita fungu la nyuzi 20 hadi 30 za aktini, zimeshikamanishwa na protini kama vilini na fimbrini, na mashina yake yamezama katika wavu wa nyuzi ulio chini ya utando. Hakuna injini ya kuipigisha huku na huku.

*Kazi.* Jibu la haraka ni kwamba huongeza eneo la kufyonzea, katika utumbo mwembamba na katika mirija ya figo iliyo karibu na chujio. Ni kweli, ila tahadhari na ile hesabu ya "uwanja wa tenisi" inayorudiwa vitabuni. Mwaka 2014 watafiti Helander na Fändriks wa Gothenburg, Sweden, walipima upya na kupata takriban mita za mraba 32 kwa njia nzima ya chakula. Uwanja wa tenisi, hata ukipimwa kwa mistari ya mchezo wa mmoja kwa mmoja, unapita mita za mraba 190.

Anayeishia kwenye eneo, hata hivyo, ameacha sehemu tamu. Utando wa mikrovili ni kiwanda. Juu yake vimepachikwa vimeng'enya vinavyomalizia kazi ya kuvunja sukari, laktasi, kile cha sukari ya maziwa, kikiwa kimojawapo, na pampu zinazovuta virutubisho ndani. Pampu moja huingiza glukosi pale tu inapoambatana na sodiamu, wazo ambalo Robert Crane alilitoa Prague mwaka 1960. Ndiyo siri ya ORS, ile paketi ya chumvi na sukari anayokorogewa mtu anayehara. Sumu ya kipindupindu huifanya seli imwage maji na chumvi, lakini haiivunji pampu hiyo. Mgonjwa akinywa chumvi na glukosi kwa uwiano unaofaa, sodiamu inaingia na maji yanaifuata. Mchanganyiko unaotumika tangu 2002 una milimoli 75 za sodiamu na milimoli 75 za glukosi katika lita moja, na kijana yeyote aliyewahi kumkorogea mdogo wake paketi ile atakusikiliza ukimweleza kwa nini sukari imo.

*Ikiharibika.* Kuna ugonjwa adimu wa kurithi, unaosababishwa mara nyingi na hitilafu ya jeni ya MYO5B, ambapo mikrovili hujikunja ndani ya seli badala ya kusimama juu yake. Mtoto huanza kuhara vibaya siku za kwanza za maisha. Baadhi ya bakteria wa jamii ya E. coli nao hung'oa mikrovili na kujishikiza mahali pake. Lakini mfano ulio karibu zaidi na meza zetu ni maziwa. Kwa watu wengi laktasi hupungua baada ya utoto, na glasi ya maziwa huleta gesi na tumbo kuuma. Mikrovili zao ni nzima kabisa, kilichopungua ni kimeng'enya kimoja. Katika jamii nyingi za wafugaji laktasi hubaki hadi utu uzima. Mwaka 2007 timu ya Sarah Tishkoff ilionyesha, kwa kuwachunguza Watanzania, Wakenya na Wasudani, kwamba mabadiliko ya jeni yanayowezesha hilo hapa kwetu ni tofauti na yale ya Ulaya. Yalitokea kivyake.

*Kuionyesha.* Hapa inakosa alama. Kwa hadubini ya mwanga utaona tu ukingo wenye ukungu juu ya seli za utumbo, ule unaoitwa ukingo wa brashi. Moja moja zinahitaji hadubini ya elektroni. Tena usizichanganye na vili: vili ni mkunjo wa tishu nzima, una mishipa ya damu ndani na hufikia milimita 1, wakati mikrovili ni ya seli moja. Watahini wanalijua kosa hili na wanalitegea.

*Inamfaa nani.* Anayesoma lishe, afya ya mtoto au famasia, na mwalimu anayetaka somo litoke darasani na kuingia jikoni.

Silia

Nikisema silia hapa nina maana zile zinazopiga.

*Ndani.* Ukiikata kwa upana utaona jozi 9 za mikrotubuli zimezunguka mikrotubuli 2 za katikati, mpangilio unaoandikwa 9+2. Kati ya jozi hadi jozi kuna mikono ya protini iitwayo dainini, jina alilolitoa Ian Gibbons mwaka 1965. Mikono hiyo hutumia ATP, nishati ya seli, kusukuma jozi moja iteleze juu ya jirani yake. Kwa kuwa jozi zimefungwa pamoja chini na pembeni, haziwezi kuteleza zikaachana, kwa hiyo silia inapinda. Hapo ndipo pigo linapotoka. Unene ni maikromita 0.2 hadi 0.25, yaani mara mbili hivi ya mikrovili, lakini urefu katika njia ya hewa ni maikromita 6 au 7.

*Kazi.* Kusafirisha kilicho juu ya seli, seli yenyewe ikiwa imetulia. Katika bomba la hewa seli moja hubeba silia 200 hadi 300, kila moja ikipiga mara 10 hadi 15 kwa sekunde. Hazipigi zote kwa wakati mmoja. Pigo hupita kama wimbi, na ute wenye vumbi na vijidudu hupandishwa hadi kooni ambako tunaumeza bila habari. Katika mirija ya uzazi hushirikiana na misuli kulisogeza yai. Ndani ya ubongo huchochea mzunguko wa majimaji kwenye vyumba vyake.

*Ikiharibika.* Hapa silia haina mpinzani. Mwaka 1933 daktari Manes Kartagener wa Zürich aliwaelezea wagonjwa waliokuwa na mambo matatu pamoja: maambukizi sugu ya sinasi, mirija ya mapafu iliyopanuka na kuharibika, na viungo vya ndani vilivyogeuka, moyo ukiwa kulia na ini kushoto. Uhusiano wa mambo hayo haukueleweka kwa miongo minne. Mwaka 1976 Björn Afzelius wa Sweden aliandika kuhusu wanaume ambao mbegu zao hazikuweza kuogelea na vifua vyao havikusafishika: mikia ya mbegu na silia zao zilikosa mikono ya dainini. Na viungo kugeuka? Kiinitete changa kina silia zake, zenye kuzungusha majimaji kuelekea kushoto, na mkondo huo huamua upande upi utakuwa upi. Zikisimama, inabaki bahati nasibu. Ndiyo maana kiasi cha nusu tu ya wenye hitilafu hii ndio wamegeuka viungo, nusu nyingine wako kawaida. Sijaona mfano mwingine katika biolojia ya seli ambapo protini moja kukosekana kunaeleza kamasi, ugumba na moyo kuwa kulia kwa pumzi moja.

Kwa maisha ya kila siku kuna kifaduro, ambacho bakteria wake hujishikiza kwenye silia na sumu yao kuua seli zenye kuzibeba. Kuna moshi wa sigara unaozizubaisha na hatimaye kuzifupisha. Na kuna klamidia na kisonono, ambazo makovu yake katika mirija ya uzazi huongeza hatari ya mimba kutunga nje ya kizazi.

*Kuionyesha.* Nzuri. Slaidi ya bomba la hewa iliyotiwa rangi huonyesha silia kama pindo juu ya seli hata kwa hadubini ya shule. Ukitaka kuziona zikipiga, tone la maji ya bwawa lenye paramesia, kijidudu cha seli moja, litatosha. Si seli ya binadamu, lakini mpangilio wa ndani ni uleule wa 9+2. Liseme hilo wazi mbele ya darasa.

*Inamfaa nani.* Mwenye muda wa kutosha. Ni mfano mpana, na ukiubana katika dakika kumi utaishia kutaja magonjwa bila kueleza dainini.

Flajela

*Ndani.* Ni 9+2 ileile na dainini ileile, ila imeongezewa vifaa: nyuzi nzito zinazoizunguka kwa nje, na katika sehemu ya kati mitokondria zilizojipanga kwa mviringo. Kwa binadamu utaipata mahali pamoja tu, kwenye mbegu ya kiume, ambayo karibu maikromita 50 za urefu wake ni mkia.

*Kazi.* Silia husogeza kilicho nje. Flajela huisogeza seli yenyewe. Ni moja kwa kila seli, na mwendo wake ni mawimbi yanayotoka shinani hadi nchani, si pigo la kwenda na kurudi. Mbegu inapokaribia yai, kalisiamu huingia kupitia milango maalumu ya mkiani iitwayo CatSper, na mchapo huwa mkali zaidi.

*Ikiharibika.* Mbegu hazisogei, au husogea zikizunguka palepale. Mwongozo wa maabara wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa mwaka 2021 unataja asilimia 30 ya mbegu zinazosonga mbele kama kiwango cha chini cha rejea. Hiki ni kipimo cha kulinganishia tu. Aliye chini yake hajahukumiwa kuwa tasa. Ukichagua mfano huu kwa jamii ambayo bado mke hulaumiwa peke yake mtoto anapokosekana, unafanya kazi zaidi ya biolojia.

*Kuionyesha.* Flajela ya mbegu ilionwa mapema sana: Mholanzi Antonie van Leeuwenhoek aliiona mwaka 1677 kwa lenzi alizozisaga mwenyewe. Hadubini ya kukuza mara 400 inatosha. Ugumu ni kupata sampuli na kulituliza darasa. Walio karibu na maabara ya mifugo wanaweza kuomba slaidi ya tripanosoma, vimelea vya malale vinavyoenezwa na mbung'o, ambavyo navyo vina flajela ya 9+2.

Kosa la kuepuka ni kuichanganya na flajela ya bakteria. Ile imejengwa kwa protini nyingine kabisa, haitumii dainini, na huzunguka shinani kama rafadha. Jina tu ndilo la pamoja.

*Inamfaa nani.* Anayeandika kuhusu afya ya uzazi, na anayetaka mfano mfupi usio na matawi mengi.

Stereosilia

*Ndani.* Jina linadai ni silia, lakini ukiikata unakuta fungu nene la aktini. Ni mikrovili kubwa, basi. Katika sikio la ndani zimepangwa kwa safu za vimo tofauti, fupi mbele na ndefu nyuma, na ncha ya kila fupi imeunganishwa na jirani yake mrefu kwa uzi mwembamba ambao James Pickles na wenzake waliuelezea mwaka 1984. Uzi huo una protini mbili, kadherini 23 na protokadherini 15.

*Kazi.* Kugeuza mtikisiko kuwa ishara ya umeme. Sauti ikiingia, safu nzima inainama nanomita chache, uzi unavutika na kufungua mlango wa ioni kama kamba ya kitasa, potasiamu inamiminika ndani na neva inapata habari. Koklea moja, ile sehemu ya sikio la ndani iliyojiviringa kama konokono, ina seli 15,000 hivi za aina hii, 3,500 kati yake zikiwa ndizo hasa zinazopeleka habari ubongoni. Hakuna kemikali ya kusubiri katikati ya sauti na mlango. Ndiyo sababu sikio lina kasi hivyo.

Zipo pia katika mrija wa epididimisi, ulio nyuma ya korodani, ambako kazi yake ni kufyonza majimaji. Huko ni ndefu na zimejikusanya kama vishada.

*Ikiharibika.* Ndege, kuku akiwemo, huotesha upya seli hizi za sikio. Sisi hatuoteshi, kinachopotea kwenye koklea yetu kimepotea. Kelele ndiyo adui anayejulikana, na WHO hushauri kutozidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Asiyetajwa sana ni dawa. Antibiotiki kama jentamisini, streptomisini na kanamisini hupenya kupitia mlango uleule unaofunguliwa na sauti, na kuua seli kwa ndani. Wagonjwa wa kifua kikuu sugu waliochomwa sindano hizo kwa miezi wanaijua bei yake. Miongozo ya WHO ya mwaka 2019 iliondoa kanamisini katika dawa zinazopendekezwa, na kuharibu masikio ni sehemu ya sababu. Dawa hizo hizo huumiza pia seli za figo zenye mikrovili, na mwanafunzi wa famasia akiliunganisha hilo katika jibu moja amejipa alama. Kwa upande wa kurithi, hitilafu katika zile protini mbili za uzi huleta aina za ugonjwa wa Usher: uziwi, kisha macho.

*Kuionyesha.* Za sikio ni ngumu mno, koklea imezikwa kwenye mfupa. Tegemea picha za hadubini ya elektroni, ambazo kwa uzuri zinashinda zote hapa. Slaidi ya epididimisi ni mbadala halali.

*Inamfaa nani.* Mwenye hamu ya fizikia, na mhudumu wa afya anayetoa sindano hizo.

Viwili vilivyobaki nje

Silia isiyopiga, yenye mpangilio wa 9+0, iko moja moja kwenye seli nyingi sana za mwili na hufanya kazi ya kupokea ishara. Kwa muda mrefu ilidharauliwa kama masalia, mpaka ilipohusishwa na ugonjwa wa figo zenye vifuko. Ni mada nzuri kwa chuo kikuu. Kwa sekondari itakuvuruga. Miguu bandia ya chembe nyeupe za damu ni vichomozo vya muda, vinatoka na kurudi. Nimeviacha kwa sababu havipimiki vizuri kwa vigezo hivi.

Kuchagua kulingana na hali yako

Kama ni insha ya mtihani na muda unakimbia, chukua mikrovili: umbo, eneo, vimeng'enya, ORS, maziwa. Hoja tano zinazofuatana bila kulazimishwa. Kama swali linataka *mwendo*, mikrovili na stereosilia zimejiondoa zenyewe. Chagua silia ukiwa na kurasa, flajela ukiwa na aya mbili.

Kama umeombwa kulinganisha viwili, jozi ya silia na flajela ni salama kwa kuwa tofauti zake ziko wazi, lakini jozi ya silia na stereosilia hupendeza zaidi, maana zinafanana kwa jina na zimetofautiana kwa kila kitu kingine. Ichukue tu kama una uhakika na mchoro wa ndani.

Mwalimu mwenye hadubini moja na wanafunzi sitini aende na silia na maji ya bwawa. Asiye na hadubini kabisa bado ana mikrovili, kwa sababu paketi ya ORS, lita moja ya maji na glasi ya maziwa vinapatikana popote. Anayeongea na vijana wa spika kubwa na visikizio masikioni ana stereosilia, ingawa ajiandae kuulizwa kama zitaota tena.

Na kama umewekewa slaidi usiyoijua na unatakiwa kuitaja, anza na mahali ilipotoka. Utumbo mwembamba au figo, ukingo mfupi wenye ukungu: mikrovili. Bomba la hewa au mrija wa uzazi, pindo lenye vijinywele vinavyohesabika: silia. Vishada virefu kwenye mrija wa epididimisi: stereosilia, hata kama macho yanakuambia silia. Ukiwa na picha ya elektroni iliyokatwa kwa upana, hesabu: jozi 9 na 2 katikati ni silia au flajela, na ukiona nyuzi nzito zimeizunguka kwa nje, andika flajela.